Jirani Mkorofi Anaweza Kuwa na Haki

Fundi amefunga kamba kutoka kigingi hadi kigingi, na kamba imepita juu kabisa ya mstari wa mpaka. Mwenye nyumba amesimama pembeni, mikono mfukoni, ameridhika. Ukuta wa chumba kipya utaishia pale pale ardhi yake inapoishia na hakuna sentimita itakayopotea. Kisha vijana wanaanza kuchimba. Ukuta ni wa sentimita 23, lakini zege la msingi litakaloubeba lina upana wa sentimita 60, na ukuta unakaa katikati yake. Piga hesabu: msingi unatokeza sentimita 18 na nusu kila upande. Ukuta uko kwake, mguu wa ukuta uko kwa jirani. Na jirani mwenyewe huyo anatoka, taulo begani, anapiga kelele kwamba ameibiwa ardhi.

Majirani wengine watasema ndiyo kawaida yake. Hasalimii, hagusi mchango wa mtu, kila jambo kwake ni kesi. Inawezekana yote hayo ni kweli. Lakini asubuhi ile alikuwa sahihi, na mwenye nyumba mpole, mtu wa watu, alikuwa amekosea.

Nimesikiliza migogoro ya namna hii kiasi kwamba sasa nikisikia mtu anaanza na "jirani yangu mmoja mkorofi sana", swali langu la kwanza ni moja tu: mmepima? Mara nyingi hawajapima. Wamegombana miezi sita, wameacha kupeana mikono, watoto wamekatazwa kucheza pamoja, na hakuna aliyewahi kujua mstari unapita wapi. Ukorofi ni tabia, mpaka ni kipimo. Shida inaanza pale kimoja kinapotumika kujibu kingine: kwa kuwa yule ana mdomo mchafu, basi na anachodai ni uongo, kwa kuwa mimi ni mstaarabu, basi siwezi kuwa nimeingia kwa mtu. Zege halijui ustaarabu wa mtu. Linakaa lilipomwagwa.

Tuanze na karatasi, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapojidanganya. Mtu anatoa hati kabatini, anaikunjua mezani, anaweka kidole: mpaka huu hapa. Kwa ardhi nyingi zilizosajiliwa, karatasi hiyo haina uwezo wa kuamua ugomvi wa ukuta. Nchini Kenya, Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inasema ramani ya usajili huonyesha mipaka kwa kukadiria tu, isipokuwa pale rejista inapoeleza kwamba mipaka ya kiwanja hicho imethibitishwa rasmi. Uingereza na Wales msimamo ni wa aina hiyo hiyo chini ya sheria yao ya usajili ya 2002. Si uzembe wa waandishi wa sheria, ni suala la kipimo. Kwenye ramani ya 1:2500, mstari wa kalamu wenye unene wa nusu milimita unafunika mita moja na robo ya ardhi. Watu wawili wanagombea sentimita 18 kwa kutumia karatasi ambayo wino wake peke yake ni mpana kuliko mlango.

Simu nayo imeongeza vurugu. Siku hizi mtu anafungua picha ya setilaiti, anatembea kando ya uzio na simu mkononi kama anayetafuta mtandao, kisha anatangaza kwamba "kidoti" kimeonyesha yuko kwake. Simu ya kawaida, ikiwa mahali pa wazi bila majengo, hukosea kwa mita tano hivi. Kati ya kuta mbili hukosea zaidi. Picha ya setilaiti nayo inaweza kuwa imesogea mita kadhaa kutoka mahali halisi. Kwa kutafuta nyumba ya mgeni inatosha. Kwa kuamua ukuta usimame wapi, heri ungerusha shilingi.

Kinachoweza kujibu swali ni mpima ardhi mwenye leseni, akiwa na ramani ya upimaji wa kiwanja, vipimo vyake na mahali bikoni, yaani alama za kona za kiwanja, zilipozikwa. Kazi yake ukiitazama kwa karibu haina mbwembwe. Anatafuta bikoni kwanza. Anachimba pale vipimo vinapoonyesha, anafuta udongo kwa mkono, anaangalia kama chuma au zege lile halijasogezwa. Asipoikuta, anaanza kwenye alama nyingine zinazoaminika za eneo hilo, anahesabu, anairudisha mahali pake. Vifaa vyake vikirekebishwa vizuri hukosea kwa sentimita moja au mbili. Hapo ndipo mazungumzo ya sentimita 18 yanaanza kuwa na maana.

Lakini kuna kosa watu hulifanya hapa, nalo hugharimu sana. Kila upande unakodi mpima wake. Ripoti zinakuja mbili, zinatofautiana kidogo, na kila mmoja anaishikilia ya kwake kama ushahidi kwamba mwenzake ni mwizi. Mpima aliyelipwa na upande mmoja, hata akiwa mwadilifu kama malaika, kwa upande wa pili ni "mtu wao". Napendelea mpima mmoja, anayelipwa nusu kwa nusu, mwenye maelekezo ya kazi yaliyosainiwa na wote wawili kabla hajafungua begi lake, na wote wawili wakiwa wamesimama pale anapochimba. Ufaransa hawakuliacha jambo hili kwenye hiari: ibara ya 646 ya kanuni yao ya madai inampa kila mwenye ardhi haki ya kumlazimisha jirani yake washiriki kuweka alama za mpaka, kwa gharama ya pamoja. Ni kifungu kifupi sana, na nadhani kimeokoa urafiki mwingi kuliko mahubiri.

Uzio nao unahitaji neno moja. Uzio si mpaka. Ulijengwa pale fundi alipopata wepesi, ukakwepa mti uliokuwepo zamani, ukafuata mtaro. Hata hivyo usiudharau, kwa sababu muda unaweza kuupa nguvu ambayo ramani haikuupa. Kenya na Tanzania sheria za ukomo zinaweka miaka 12 ya kudai ardhi mahakamani. Anayekaa kimya muda wote huo huku mwenzake anatumia kipande chake waziwazi anaweza kujikuta anahangaika kukirudisha. Kwa hiyo unapobomoa uzio wa zamani ili kupata nafasi ya kujenga, upige picha kwanza, na upime umbali wake kutoka kwenye kona za nyumba zote mbili. Ukishaubomoa, ushahidi umekwenda na kifusi.

Tena wengi wakizozana huangalia ukuta tu, wakati upanuzi wa nyumba huvuka mpaka kwa njia nyingine kadhaa. Paa linatokeza na mvua inamwagika uwanjani kwa mtu. Bomba la maji machafu linapita chini. Dirisha jipya linatazama chumba cha kulala cha watu. Sheria ya Ufaransa imeyataja haya kwa vipimo na kwa maneno: dirisha linalotazama moja kwa moja kwa jirani liwe mita 1.90 kutoka mpakani, linalotazama kwa upande liwe sentimita 60, na maji ya paa yaishie kwenye ardhi ya mwenye paa au barabarani. Uingereza, dirisha lililopata mwanga kwa miaka 20 mfululizo linaweza kuwa limepata haki ya kuendelea kuupata, kwa sheria ya 1832. Halafu kuna lile la hatari kabisa, ambalo halihusu kuvuka mpaka hata kidogo: kuchimba ndani ya ardhi yako mwenyewe, karibu na msingi wa jirani, kwenda chini kuliko msingi wake. Udongo uliokuwa umeushikilia unalegea, na nyumba yake inapasuka wakati wewe hujagusa tofali lake. Ndiyo maana sheria ya Uingereza na Wales ya 1996 kuhusu kuta za pamoja inamtaka anayechimba ndani ya mita tatu za jengo la jirani, na kwenda chini kuliko msingi wake, amjulishe kwa maandishi mwezi mmoja kabla.

Nafika sasa kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha yote: wakati. Mgogoro wa upanuzi una saa chache za bei rahisi na miaka mingi ya bei ghali. Kabla zege halijamwagwa, kusogeza ukuta sentimita 20 ndani ni kazi ya dakika kumi: unang'oa vigingi, unafunga kamba upya, vijana wananung'unika kidogo, basi. Mhandisi anaweza pia kuchora msingi usiotokeza upande wa jirani. Zege likishakauka ni nyundo na vumbi. Kuta zikishapanda na paa likishawekwa, ni mahakama.

Na mahakamani huwezi kubashiri utakachokutana nacho, maana nchi zenyewe zimetofautiana kabisa. Mwaka 2002 mahakama ya juu ya rufaa ya Ufaransa ilikataa kuangalia udogo wa uvamizi: uzio uliokuwa umeingia kwa jirani kwa nusu sentimita tu ulihesabiwa ni uvamizi, na mwenye ardhi ana haki ya kutaka uondolewe. Nusu sentimita ni unene wa plasta nyembamba. Ukivuka kwenda Ujerumani unakuta kinyume chake. Kifungu cha 912 cha kanuni yao ya madai, iliyoanza kutumika mwaka 1900, kinasema aliyejenga akavuka mpaka bila kukusudia na bila uzembe mkubwa, jirani atamvumilia na kulipwa kodi ya mwaka kwa kipande hicho. Kuna sharti moja: jirani asiwe amepinga kabla ya kuvukwa au mara tu baada ya kuvukwa. Akiwa amepinga kwa wakati, uvumilivu huo haupo. Waingereza wako katikati: tangu kesi maarufu ya 1895, mahakama inaweza kumpa aliyevamiwa fidia badala ya amri ya kubomoa ikiwa madhara ni madogo, yanahesabika kwa pesa, pesa kidogo inatosha kuyafidia, na kubomoa kungekuwa ni kumwonea mjenzi. Mwaka 2014 mahakama yao ya juu ikaongeza kwamba masharti hayo yasifuatwe kama mashine.

Niligusie tena lile la Ujerumani kwa sababu lina busara iliyofichika. Linamwambia jirani: sema sasa. Ukiona kamba imepita vibaya ukanyamaza, ukangoja paa lipande ili upate sababu nzuri ya kulalamika, sheria haitakuhurumia sana. Na hata nchi ambazo hazina kifungu kama hicho, hakimu akiambiwa kwamba ulikuwa unapita pale kila asubuhi kwa miezi minne na hukutamka neno, atakutazama kwa jicho la pembeni. Sijawahi kuelewa watu wanaoona msingi unachimbwa vibaya, wakakaa kimya "kwa heshima", kisha wakalipuka siku ya kupaua. Heshima gani hiyo inayongoja mabati?

Kusema sasa hakuhitaji wakili. Ujumbe wa mistari mitatu unatosha: "Habari za asubuhi, jirani. Nimeona vijana wameanza kuchimba upande wa kwetu, na nina wasiwasi msingi umepita bikoni. Naomba wasimwage zege kabla hatujaangalia pamoja. Mimi nipo leo jioni au kesho saa mbili asubuhi." Una salamu, una hoja, una ombi moja, una muda. Hauna tusi, hauna historia ya maji ya mwaka juzi wala ya mbwa. Ukitumwa kwa simu unabaki na tarehe yake, na siku mambo yakiharibika hakuna atakayesema hukulalamika.

Kwa mjenzi ushauri wangu ni mchungu zaidi: nenda wewe kwanza. Nenda na mchoro, hata kabla ya kutafuta kibali. Najua jibu: "Nikimwonyesha ndiyo nimempa silaha." Hapana, silaha anayo tayari, macho anayo, na dirisha lake linatazama kwako. Unachompa ni nafasi ya kusema kinachomsumbua wakati bado unaweza kukibadilisha kwa kifutio. Mara nyingi utashangaa, maana kinachomsumbua hakihusiani na mpaka. Ni dirisha la bafu linalotazama baraza lake. Ni vumbi, kwa kuwa ana mgonjwa wa kifua ndani. Ni kwamba hakuulizwa. Hili la mwisho ndilo hugeuka "mgogoro wa ardhi" kwa kasi kuliko yote, maana mtu mzima haoni vizuri kwenda kulalamika kwamba hakuulizwa. Ataona afadhali alalamikie sentimita.

Na kibali? Wajenzi wengi hukitoa kama ngao: nimeruhusiwa na mamlaka, nenda kawashtaki wao. Kibali kinasema jengo linafaa kujengwa kwa mchoro ule. Hakisemi ardhi ni ya nani. Afisa aliyegonga muhuri hakuja kuchimba bikoni, aliamini ulichochora. Ukichora ukuta ndani ya ardhi ya mtu, utapata kibali cha kujenga kwenye ardhi ya mtu, na hakitakulinda.

Ikishindikana kati yenu wawili, mtafute wa tatu. Wazo hili ni kongwe kuliko nchi zote nilizozitaja: sheria za kale za Roma, zile za Mbao Kumi na Mbili za karne ya tano kabla ya Kristo, zilipeleka ugomvi wa mipaka kwa waamuzi watatu, na ziliacha ukanda wa futi tano mpakani ambao hakuna mtu angeweza kuumiliki kwa kuukalia tu. Tanzania leo, baada ya marekebisho ya 2021, baraza la kata limebaki na kazi ya kusuluhisha, na mgogoro unapaswa kupita huko kabla ya kufika baraza la ardhi la wilaya. Kenya, mahakama haisikilizi shauri la mpaka wa ardhi iliyosajiliwa kabla msajili wa ardhi hajaamua mpaka uko wapi. Wengi huviona vituo hivi kama usumbufu wa njiani, wakapita kwa kutimiza wajibu, midomo imebana. Ni kupoteza bahati. Hapo ndipo mahali pekee ambapo mnaweza kubadilishana vitu ambavyo hakimu hawezi kuvigawa: mimi nitasogeza dirisha, wewe utaniruhusu nipitishe bomba, mimi nitalipia uzio mpya, wewe utanipa zile sentimita. Hakimu anaweza kusema ukuta ubaki au ubomolewe. Usimtegemee akupangie dirisha liwe na kioo cha ukungu ili watu wapate kulala.

Mkikubaliana, andikeni. Ambatanisheni mchoro wa mpima, sainini wote na wenza wenu kama umiliki ni wa pamoja, na kama sheria inaruhusu, yasajilini makubaliano yenyewe. Kupeana mikono ni kwema, ila mkono haurithiwi. Jirani atauza, mnunuzi atakuja na ramani yake na mpima wake, na ule urafiki wenu wa miaka 15 kwake ni hadithi.

Sasa, yupo mkorofi wa kweli. Sitaki kuonekana ninamtetea kila mwenye fujo. Yupo anayekataa mpima, anayeng'oa bikoni usiku, anayetishia mafundi kwa panga, anayejenga Jumamosi na Jumapili akijua ofisi zimefungwa. Kwake mazungumzo yana kikomo. Weka daftari: tarehe, saa, nini kimefanyika, nani alikuwepo. Piga picha zenye kitu kisichohama ndani yake, kona ya nyumba au nguzo, ili umbali uonekane. Kung'oa alama za mpaka ni kosa la jinai katika nchi nyingi, Kenya ikiwemo, kwa hiyo hilo liripoti kama jinai, wala si kama ugomvi wa majirani. Omba zuio la mahakama mapema, kwa sababu mahakama hupenda kuzuia kuliko kubomoa. Na hata ukiwa na haki mia kwa mia, usichukue nyundo ukabomoe mwenyewe. Nimeona wenye haki wakigeuka washtakiwa kwa mchana mmoja.

Ila kabla ya kufika huko, kaa chini na kalamu. Sentimita 18 na nusu kwa ukuta wa mita nane ni chini kidogo ya mita moja na nusu ya mraba. Ni pungufu ya mlango wa kawaida ukiulaza chini. Siandiki hivi kumwambia mtu asamehe ardhi yake. Wapo ambao kipande hicho ndicho njia ya kupitisha kiti cha magurudumu, na hao wapiganie. Naandika kwa wale ambao watatumia kwa wakili pesa ya kununulia mlango huo mara mia, kisha washinde.

Maana ukuta ukishabaki, kwa amri ya mahakama au kwa uchovu wa upande wa pili, inabaki kazi moja ambayo wachora ramani huisahau. Ukuta uliojengwa mpakani una uso mmoja unaotazama kwa jirani, na uso huo nao unahitaji plasta, la sivyo mvua itapenya kwenye viungo vya tofali na rangi ya ndani itaanza kuvimba baada ya misimu miwili. Kuufikia, fundi lazima aweke ngazi kwenye uwanja wa jirani na ndoo ya mchanganyiko wake kwenye maua ya jirani, siku mbili au tatu. Tembea ukitazama nyumba zilizoongezwa vyumba. Utaziona kuta zilizopigwa plasta na rangi upande mmoja, na upande wa pili tofali tupu, zege limechuruzika likakaukia hapo, viungo vimeachwa wazi. Mwenye ukuta huo alishinda kesi. Leo inabidi apige hodi.